Shikamoo Kutoka Ufaransa

Mwalimu Seleina aliinua mkono kwenye kikao cha walimu ili aombe dirisha lifungwe. Upepo wa Kimamba ulikuwa unamwaga vumbi kwenye vikombe vya chai, na yeye ndiye aliyekaa upande wa vumbi. Kumbe Mwalimu Optatus, mkuu wa shule, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuuliza nani yuko tayari kwenda Morogoro kujifunza kufundisha Kifaransa, maana serikali inataka lugha za kigeni zifike hadi shule kama yao. Walimu wengine wote walikuwa wameinamia meza kama wanaotafuta sindano.

"Hongera sana, Mwalimu Seleina!"

Makofi yakalipuka. Seleina alifungua kinywa aseme habari ya dirisha, akakifunga. Hakuwahi kupigiwa makofi tangu harusi yake, na yalikuwa matamu.

Basi likizo ikamkuta Morogoro, anakwaruza koo akitafuta ile "r" ya Wafaransa. Alikwaruza bafuni, alikwaruza akipiga pasi, mpaka mwenzake wa chumbani akamnunulia dawa ya kikohozi. Asubuhi moja ikatoka yenyewe, laini kama siagi, naye akaruka juu ya kitanda kama mtoto. Kimaasai alizaliwa nacho, Kiswahili alikipata shuleni, Kiingereza kilimtoa jasho. Hiki cha nne kilimchekesha tu.

Aliporudi alipita kwanza bomani kwa mama yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kimaasai swali moja tu.

"Hao Wafaransa wana ng'ombe?"

"Wengi, yeyoo. Na maziwa wanayagandisha, wanayaweka mpaka yanuke, ndipo wanapoyala."

Mama alicheka akashikilia nguzo ya mlango. "Basi hao ni watu. Fundisha."

Akafundisha. Kidato cha kwanza walikibeba Kifaransa mpaka sokoni, mwezi haujaisha, vijana wa bodaboda wakawa wanampungia mkono, "Bonjuu, madamu!" Kisha ikaja habari kubwa: kuna shule huko Ufaransa, kwenye mji mdogo, ambayo wanafunzi wake wangependa kuonana na hawa wa Kimamba kwa simu ya video.

Siku hiyo wanafunzi walivaa soksi hata wasio na desturi ya soksi. Mwalimu Optatus alitoa intaneti ya simu yake mwenyewe, akaishika simu juu dirishani kama anayechota mtandao kwa ndoo. Kompyuta na projekta ya shule zikatoa picha ukutani: watoto wamejipanga, na mbele yao mwalimu mzee mwenye ndevu nyeupe, jina lake Gaston.

"Bonjour, monsieur!" darasa zima likanguruma.

Mzee akatabasamu, akakunja mikono kifuani, akainama. Kumbe na yeye alikuwa amejiandaa.

"Shikamooni!" akasema.

Watoto wakatazamana. Tangu wazaliwe, hakuna mtu wa umri wa babu zao aliyewahi kuwapa shikamoo. Kuitikia ni kukosa adabu, na kunyamaza pia ni kukosa adabu. Seleina alihisi kicheko kinampanda tumboni, akang'ata ukosi wa blauzi.

"Mjibuni jamani, bando linaisha!" Mwalimu Optatus alinong'ona kwa sauti ya kusikika barabarani.

Akasimama Upendo, binti mdogo kuliko wote. Akapiga goti kwa heshima zote, akainamisha kichwa, akasema polepole, "Marahaba, babu."

Darasa lilipasuka. Walianguka juu ya madawati, na kule Ufaransa nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Seleina alijikuta yuko mbele ya kamera, machozi ya kicheko yanamtiririka, akieleza kwa Kifaransa kwamba shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Alieleza yote. Alipomaliza ndipo alipotambua kwamba hakutafuta neno hata moja.

Mzee Gaston akajipiga paji la uso. "Tuanze tena!" akasema.

"Shikamoo, babu!" wakapaza Kimamba.

"Marahaba! Marahaba! Marahaba!" alijibu, kila moja kwa furaha zaidi kuliko iliyotangulia.

Kisha wanafunzi wake wakamwamkia mkuu wa shule kwa pamoja. Mwalimu Optatus, ambaye hata miaka arobaini hajafika, alivimba kifua. "Marahaba, wajukuu zangu," akaitikia, na hapohapo mtandao ukakatika.

Wiki iliyofuata kipindi cha Kifaransa kilihamia bwalo la chakula, kwa sababu vidato vya pili na tatu navyo vilikuja na madawati yao kichwani. Jioni ya kipindi hicho Seleina alirudi nyumbani kwa baiskeli kati ya mashamba ya zamani ya katani. Barabara ilikuwa tupu na mteremko ulikuwa mrefu. Akaachia usukani, akanyoosha mikono yote miwili, na kuhesabu kwa Kifaransa kwa sauti kubwa mpaka pale namba zake zilipoishia.