Sanduku la Bezi Lililomwaga Kura

Mwaka wa 1962, nikiwa na miaka kumi na miwili, mzungu aliyemwajiri baba kuwa mpishi aliuza shamba lake upande wa Plateau akaenda zake. Baba akabaki na aproni. Mimi nikatoka darasa la tatu na sijarudi mpaka leo. Wasomi wakinicheka nawauliza: redio yako ikifa, unaipeleka kwa profesa?

Nilifagia duka la fundi mmoja wa Kihindi hapa Eldoret miaka sita. Hakunifundisha kitu, niliiba kwa macho. Kufikia 1971 nilikuwa natengeneza redio kwenye veranda ya Mama mmoja mwenye hoteli, mjane mwenye ulimi wa pilipili. Mvua ikija na upepo, nilihama na meza yangu. Mama alikuwa na chumba kitupu mbele, kinachotazama barabara, chenye umeme. Nilikitaka chumba hicho kuliko mke. Fundi cherehani wa hapo verandani alikitaka pia.

Gramafoni ya Mama ilikuwa na spika mbili ndogo, kila moja kama mkate. Gita lilisikika, mwimbaji alisikika, lakini bezi, ile sauti nene ya chini, hakuna.

"Fundi," akaniambia, "Jumamosi wanachama wa kampuni ya kununua shamba wanagawana ploti kwa kura hapa, halafu jioni wanataka kucheza. Muziki wangu uwe na tumbo. Ukiweza, chumba ni chako. Ukishindwa, ni cha cherehani."

Nikapata spika kubwa iliyotupwa na sinema, nikaigongea sanduku la mbao nene za saipras ambalo mbuzi angelala ndani. Nikafufua amplifaya ya pili ya kukuza sauti, iwe ya sanduku pekee. Kutoka kwa mota iliyoungua ya mashine ya posho, ile ya kusaga mahindi, nikatoa waya wa shaba, nikausokota kuwa koili ya kuzuia sauti nyembamba zisiingie kwenye sanduku. Nikajiona mkubwa.

Jumamosi asubuhi wazee walikaa mezani, karatasi za nambari zikiwa ndani ya sufuria. Mzee mmoja alikuwa ameshachota ploti ya mtoni, anacheka peke yake. Nikasema niwaonjeshe. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho.

Sufuria ilitembea. Nawaambia ilitembea, kama kuku, ikafika ukingoni ikaanguka, karatasi zikaenda chini ya viti.

"Kura irudiwe!" wakapiga kelele wote waliokuwa wamepata ploti za mawe.

Ikarudiwa. Yule mzee wa mtoni akachota mawe matupu. Akaniinulia bakora. "Wewe kijana! Umenitoa majini ukanitupa jabalini!"

Mama akaongeza yake. "Niliomba muziki, umeniletea mashine ya posho. Hata mwimbaji amezama. Una mpaka saa kumi na mbili jioni."

Nikakaa chini nikafikiri. Kanisani kwetu kulikuwa na mzee wa sauti nene. Hakuna aliyemsikia akiimba. Lakini Jumapili aliyougua, kwaya nzima ilisikika kama nzi ndani ya chupa. Nikajua kosa langu: nilitaka watu wasikie sanduku, badala ya kusikia wimbo.

Nikaongeza mizunguko ya koili, maana sanduku lilikuwa likinguruma maneno kama mtu aliyejifunika blanketi. Nikageuza nyaya mbili za sanduku, na bezi ikaacha kupigana na zile spika ndogo, ikasukuma pamoja nazo. Ndani bado kulivuma kama pipa tupu. Nilihitaji kitu laini, na mwenye vipande vya blanketi alikuwa adui yangu cherehani.

"Chukua vyote," akasema. "Huo mtetemo wako umenifanya nishone mfuko kwenye goti la mteja."

Nikajaza, nikaweka sanduku katikati ya zile spika, nikashusha kitufe mpaka nikawa sijui sauti nene inatoka wapi.

Saa kumi na mbili nikaweka santuri. Wazee wakaanza kutingisha mabega. Mama akaja mkono kiunoni.

"Hilo sanduku limekufa. Sisikii kitu."

Nikachomoa waya wa sanduku. Muziki ukakonda palepale. Wachezaji wakasimama mguu mmoja juu.

"Nani amegusa?" akafoka mzee wa mawe. "Rudisha!"

Nikarudisha. Mama alisikiliza, akamtazama cherehani, akatoa ufunguo kifuani. "Wewe mwiba, chumba ni chako, ingia. Lakini sufuria yangu imebonyea, utainyoosha."

Nilihamia Jumatatu.

Leo nina ekari tano Yamumbi. Nina nyumba ya mawe, ng'ombe wanne wa maziwa, wa gredi, pikapu moja, maduka matatu ya kupangisha mjini, mke mmoja, watoto saba na meno kumi na tisa.