Walioitika Thelathini na Mmoja

Kwa miaka ishirini na mitatu Mwalimu, Mungu amrehemu, alifundisha historia watoto wakiwa wamelala macho wazi, na hakuona ubaya wowote. Aliingia darasani, akaandika mada ubaoni, akafungua daftari lake la notisi lililokwisha kugeuka rangi ya chai, akasoma. Wao wakanakili. Kengele ikigonga alirudi ofisi ya walimu kujaza andalio la somo, na kwenye sehemu ya maoni aliandika maneno yale yale ambayo walimu wote huyaandika: Somo limeeleweka. Limeeleweka na nani, hilo Mungu ndiye ajuaye.

Wanafunzi walimpachika jina la Babu Jana. Alilijua, akanyamaza. Mwalimu asiyepewa jina la utani, alisema, ni yule ambaye hata kuchukiwa hajachukiwa.

Aliyemwamsha ni kiranja wa kidato cha pili, msichana mwembamba mwenye ulimi usiojua lango. Siku moja katikati ya kuandikishwa notisi alinyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hawa watu wa kwenye notisi walikuwa na miguu?"

Darasa likaangua kicheko.

"Una maana gani?"

"Hawaendi popote, Mwalimu. Wanatia saini mikataba, halafu wanakufa."

Alirudi nyumbani na neno hilo kama mwiba wa samaki kooni. Mkewe aliposikia alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Baba watoto, leo mtoto kakushika pabaya!"

"Nimeshikwa kweli, mama. Miaka yote hii nilikuwa nawaonyesha makaburi, nawaambia hawa ndio watu."

Kesho yake aliomba ufunguo wa stoo. Huko, chini ya viti vilivyovunjika, alipata daftari la mahudhurio la shule ile ile, la miaka sitini na moja nyuma. Jalada lilikuwa gumu kama kipande cha ubao, na ndani majina yalikuwa yamepangwa kwa wino wa bluu, darasa kwa darasa. Aliliangalia darasa lililokuwa likisomea kwenye chumba alichofundishia yeye sasa. Lilikuwa na watoto thelathini na mmoja. Mstari wa mwisho, jina lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe, karatasi ikabaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Vema zake za mahudhurio zilifika Jumatano moja, zikakoma. Kisha vyumba vitupu mstarini. Jumanne iliyofuata kulikuwa na vema moja peke yake. Baada ya hapo hapakuandikwa kitu mpaka mwisho wa mwaka, si "amehama" wala "amefariki".

Akaona ni uzembe wa mwalimu fulani. Uzembe wa daftari aliujua, maana hata yeye alikuwa nao.

Katika shule ile wanafunzi huitwa kwa namba, na darasa lake lilikuwa na watoto thelathini. Basi aliwaambia: "Kila mmoja ana mwenzake humu, mwenye namba kama yake. Mtafute. Alikuwa mtoto wa nani, alifanya kazi gani, yuko wapi leo. Nikiita namba, mwitikie kwa niaba yake, kisha utuambie ulichopata."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Watoto waliokuwa wakisinzia walianza kubisha hodi kwenye nyumba za wazee. Namba nne aligundua kwamba mwenzake ni kaka wa bibi yake, na kwamba aliwahi kula viboko sita kwa kumcheka mwalimu aliyechanika suruali. Namba tisa alipata picha. Namba kumi na nane alilia darasani, kwa sababu mtu wake alikufa mwaka ule ule, na hakuna aliyemkumbuka ila dada yake mmoja kipofu. Kipindi cha saba, saa mbaya kuliko zote, jua likichoma bati na matumbo yakiwa yameshiba, watoto walikuwa wamekaa wima wakimsubiri Babu Jana. Mwalimu alitembea kama mtu aliyevuliwa mzigo. Alimwambia mkewe kwamba sasa ndipo anaanza kazi, na amebakiza miaka mitatu tu astaafu.

Wiki ya tano aliteleza. Alikuwa akiita kwa mwendo wa haraka, watoto wakijibu kwa mwendo ule ule, nipo, nipo, nipo, kama watu wanaorushiana matofali. Alipofika thelathini ulimi wake haukusimama.

"Thelathini na moja!"

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, ya chini na yenye heshima, kutoka nyuma. Mwalimu alikuwa amekwisha kuweka kalamu karatasini. Akainua macho. Watoto walikuwa wamegeuka kutazama dawati la mwisho, na hakuna aliyecheka.

"Nani kaitika?"

Hakuna aliyeinua mkono. Huwezi kuwanyamazisha watoto thelathini namna ile kwa fimbo.

"Kiranja, nani kaitika?"

"Si sisi, Mwalimu," alisema kiranja, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa mzito.

Katika dawati la mwisho, lenye nafasi ya watu wawili, alikaa peke yake namba thelathini, binti mkimya ambaye walimu wengi hawakuijua sauti yake. Mwalimu alimfuata. Alimkuta amebana ukingoni mwa benchi, bega moja nje.

"Ni wewe, binti?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kaa vizuri. Mbona umejibana hivyo?"

"Nimezoea."

Chini ya ile nusu ya benchi isiyo na mtu, sakafu ilikuwa imelowa, dimbwi dogo la ukubwa wa sahani. Ilikuwa kiangazi. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitatu.

Siku hiyo, kwenye sehemu ya maoni, Mwalimu hakuandika kwamba somo limeeleweka. Aliandika: Wanafunzi thelathini. Walioitika thelathini na mmoja. Alipomsimulia mkewe, mama wa watu hakucheka tena.

"Mume wangu, mwenye kuita awe tayari kuitikiwa. Umeomba kabla ya kulifungua hilo daftari?"

"Nani huomba kabla ya kufungua daftari?"

"Basi tuombe sasa."

Wakaomba wote wawili, wamepiga magoti kando ya meza, chakula kikapoa.

Maneno ya watoto hayana kifuniko. Kufikia Jumatatu wazazi wanne walikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, mama mmoja mnyoofu kama rula. Aliwasikiliza, akawasindikiza, kisha akamwita Mwalimu.

"Mwalimu, keti. Wazazi wanasema unaita wafu."

"Naita majina ya kwenye daftari, mama."

"Ya wafu."

"Wengine wazima kabisa. Namba sita anafuga kuku."

Mkuu wa shule hakutabasamu. "Nimekuona unavyofundisha siku hizi, na nimefurahi. Lakini watoto watatu hawataki kuingia chumba kile. Nakupa mpaka Ijumaa. Ulimalize jambo hili kwa namna ambayo nitaweza kuwaeleza wazazi. Ukishindwa, historia atachukua mwingine, nawe utakaa stoo ya vitabu mpaka ustaafu."

Ilikuwa kama kunyang'anywa tonge limeshafika mdomoni. Mtu amekula njaa miaka ishirini na mitatu, siku anayoonja ndiyo siku anayoambiwa anawe.

Jumanne hakuita namba. Alifundisha kutoka kwenye notisi. Watoto walinakili, na katikati ya kusoma alisikia wazi nyuma ya darasa kalamu moja iliyokuwa ikichelewa. Wote wakishaacha kuandika, hiyo ilikuwa ikimalizia, taratibu, kama ya mtu anayenakili kwa jirani. Alisoma mpaka kengele bila kuinua macho.

Jumatano jioni namba kumi na mbili, mvulana mnene mwenye pumu, alimsubiri getini. "Mwalimu, namba kumi na mbili wangu nimempata. Alikuwa fundi cherehani. Nilipomwambia kuhusu ile sauti aliangusha kikombe. Anasema uende peke yako."

Mwalimu alikwenda moja kwa moja. Alimkuta ajuza safi, mikono imejikunja kwa kazi, amekaa chumba cha mbele na cherehani iliyofunikwa shuka. Baada ya salamu hakumzungusha.

"Mwanangu, mlisikia sauti ikisemaje?"

"Nipo."

Ajuza akafumba macho. "Hilo neno nilisema mimi."

Akamweleza. Thelathini na moja alikuwa rafiki yake, walikaa dawati moja, lile la mwisho. Jumatano moja ya masika alisahau daftari nyumbani. Mwalimu wao, mtu mkali asiyejua udhuru, alimwambia alifuate. Mvua ilikuwa inamwagika kama imepasuliwa. Msichana akatoka, njia ya kwao ikivuka mto, na nyumbani kwao hakufika. Jumanne iliyofuata walikuja wakaguzi, na mwalimu alitaka hesabu ya darasa itimie. "Akaniinamia sikioni, akasema, nikiita thelathini na moja, wewe mwitikie. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikaitika. Baba yake alipokuja kuuliza, wakamfungulia daftari, wakamwonyesha: binti yako Jumanne alikuwepo hapa, kamtafute kwenu. Hawakumtafuta kule mtoni. Ilipopita miezi, mwalimu akachukua wembe."

Mwalimu alibaki ameshika kofia yake. Alikuwa amewafundisha watoto thelathini kuitikia kwa niaba ya wasiokuwepo, naye akiona amevumbua jambo jema. Kuamsha darasa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ila ukishaliamsha, humchagui atakayefumbua macho.

"Bibi," alisema, "utakuja Ijumaa?"

"Nimechelewa miaka sitini na moja, mwanangu. Nitakuja, tena mapema."

Ijumaa, kipindi cha saba, mkuu wa shule alisimama mlangoni mikono nyuma. Watoto wote walikuwepo, hata wale watatu. Ajuza alikaa kwenye kiti mbele, mkoba mapajani. Mwalimu alifungua lile daftari akawaambia watoto ukweli wote, bila kupunguza: Jumatano, mvua, wakaguzi, ile vema moja, wembe. Kisha akasema, "Leo hakuna kuitikia kwa niaba ya mtu. Kila mmoja aseme alichokipata. Yupo, au hayupo."

Akaanza. Moja, hayupo. Mbili, hayupo. Tatu, yupo, anaumwa miguu. Ilipofika kumi na mbili, ajuza alijibu mwenyewe, "Nipo," na mvulana mwenye pumu akafuta macho kwa mkono wa shati. Wakashuka hivyo mpaka thelathini. Mwalimu akavuta pumzi.

"Thelathini na moja."

Hewa ya chumba ilipoa. Kila mtu aliihisi, hata mkuu wa shule alijifunika kifua kwa kitenge chake. Harufu ya udongo uliolowa ilitoka nyuma ya darasa, nzito, na benchi la mwisho likalia kama mtu anayejiandaa kusimama. Ajuza akawahi kuinuka.

"Hayupo!" alisema. "Hakuwepo Jumanne ile. Nilidanganya mimi." Akalitaja jina kamili la rafiki yake, na la baba wa huyo rafiki, jina ambalo halitaandikwa hapa kwa heshima ya ndugu zake waliobaki. "Nisamehe, mwenzangu. Hukurudi. Hayupo, Mwalimu. Andika."

Mwalimu akaandika. Alitia sifuri juu ya vema ile, akarudi nyuma kwenye Alhamisi iliyofuata ile Jumatano ya mvua, akajaza sifuri chumba baada ya chumba mpaka mwisho wa mwaka, na darasa lote lilikaa likisikiliza kalamu. Mkuu wa shule alisubiri mpaka alipomaliza.

"Wazazi nitawajibu mimi," alisema kwa sauti isiyo yake. "Jumatatu uendelee na darasa lako." Kisha akamshika ajuza mkono, wakatoka pamoja.

Watoto walitawanyika wakinong'ona. Namba thelathini ndiye aliyebaki akikusanya vitu vyake. Mwalimu aliona kwamba amekaa katikati ya benchi, mabega yote mawili ndani ya dawati.

"Binti," alisema, "ulikuwa unamwona?"

"Hapana. Nilikuwa namsikia tu. Ananisogelea."

"Na hukuogopa?"

"Mwanzoni niliogopa. Halafu nikaona hana neno, Mwalimu. Alikuwa anaomba daftari tu, anakili. Kila kipindi. Ananiambia, nisipoandika nitarudishwa nyumbani."

Mwalimu alilazimika kukaa. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kupata mwanafunzi aliyezitaka notisi zake kiasi hicho.

"Ukampa?"

"Nilimwazima juzi. Hili hapa." Akamnyooshea daftari la historia. "Bibi aliposema hayupo, ndipo nilipolikuta mezani."

Alilipokea. Lilikuwa limevimba na kujikunja, kurasa zimeshikana kama karatasi iliyolala mtoni na kukaushwa juani. Alijaribu kutenganisha ukurasa wa kwanza kwa ukucha, akasita, akamrudishia mwenyewe.

"Nitakununulia jingine," alisema. "Hilo liweke."

Binti akalitia kwenye mkoba wake, akaaga, akaenda zake. Mwalimu alikaa pale mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha, midomo yake ikisogea. Mlinzi alidhani anasoma. Alikuwa anamwombea mtoto wa watu.