Koleo, Mwenyekiti Tuliyemkosa

Sisi wauza viatu vya mitumba hununua robota kwa pamoja, kisha husimama duara na kuchagua pea moja moja kwa zamu. Kanuni ni hii: anayekata waya wa robota huchagua wa mwisho. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kukata, ila mtu mmoja. Alikuja na koleo lake mfukoni, akakata, akakunja mikono na kutuacha tuondoe vinono. Vilivyobaki, vilivyochanika na kupauka, alikwenda kuvishona na kuving'arisha, na jioni alikuwa ameuza kutuzidi. Mimi biashara nimeianzia kwenye gunia lililotandazwa chini, sidanganyiki kirahisi na watu wema. Huyu nilimgeuza kila upande kama kiatu, nikakosa kasoro.

Tukamwita Koleo. Mwenyekiti wetu alipopumzika uongozi, sote tukasema kiti ni chake. Siku ya kumkalisha lilikuwepo robota la kufungua kwanza. Koleo akakata. Tulipokuwa tunamwaga viatu, akainua mkono.

"Simameni. Mdogo wangu, toa ulichoingiza kwenye shati."

Hakuna mwingine aliyeona. Mdogo wake, ambaye Koleo mwenyewe ndiye aliyemleta na kumdhamini, akatoa buti za ngozi.

"Kaka, unaniumbua mbele za watu?"

Anayeficha kiatu kabla ya kuchagua hutolewa kwenye duara. Kanuni hiyo aliileta Koleo. Lakini siku kama ile nani alitaka makubwa? Nikaingia kati, ndiyo kazi ninayoiweza.

"Kaka, tushushe kidogo. Achague wa mwisho mwezi mzima, yaishe."

"Kanuni haina bei ya jioni, dada. Anatoka. Na mimi niliyemdhamini natoka."

Akaliweka koleo juu ya robota na kuondoka kweli. Akawa anashonea wapita njia viatu nje ya lango la soko. Mdogo wake akaacha hata kumsalimia.

Tangu hapo, kila robota lilifunguliwa kwa ubishi uleule.

"Angekuwa mwenyekiti yule, angetunyoosha," alisema muuza raba.

"Angetunyoosha mpaka tuishe!" alijibu shoga yangu, muuza viatu vya kike. "Baada ya mwaka angebaki yeye na robota, wanatazamana."

Nampenda sana Koleo, lakini shoga alisema kweli. Kazi ya mwenyekiti ni kupatana: na mwenye lori, na wakubwa wa soko, na sisi wenyewe wenye midomo. Kuna siku unapanda, kuna siku unashuka. Koleo alikuwa na bei moja tu. Ila wakataji waliofuata walichungulia viatu kabla, wakapanga na rafiki zao wawachagulie vinono, tukaanza kushikana mashati. Duara lilikuwa linavunjika mbele ya macho yetu.

Nikalichukua koleo, nikamfuata langoni.

"Umeniletea uenyekiti?" akauliza, macho kwenye soli.

"Uenyekiti hatukupi, hukuuweza hata kabla ya kuukalia. Nimeleta koleo."

Akacheka puani, akavuta uzi. "Na mdogo wangu?"

"Anarudi. Duara limekubali."

"Lakini kanuni..."

"Wewe ni mwenyekiti?"

Akakata uzi kwa meno. "Hapana."

"Basi hayo hayakuhusu. Wewe kata waya, chagua wa mwisho, nenda zako."

Akaitazama soli kama vile ndiyo iliyomjibu. Kisha akapokea koleo.

Robota lililofuata alikata yeye. Zamu ya mdogo wake ilipofika, kijana akaziona buti nzuri, akaziruka makusudi, akaokota kandambili zilizokatika. Koleo akamrushia buti kifuani.

"Chagua vizuri, we! Hapa hakuna anayemwachia mtu."

Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu siku ile. Mdogo wake akazikumbatia buti, anacheka na kufuta pua kwa wakati mmoja.

"Sawa, kaka."

"Na huyu ndiye mliyetaka awe mwenyekiti!" akapaza sauti shoga yangu.

"Mwenyekiti tutampata popote," nikamwambia. "Kaka, kata. Lipo robota la pili."