Njano Iliyojificha Ndani ya Kijani

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kibano kidogo. Nilidhani ni cha kung'olea nyusi, nikacheka. Mtafiti Mkuu wa kituo chetu cha mbegu, karibu na Kathonzweni, hakucheka. "Mwende, fungua ua kabla halijachanua," alisema. Ndani ya ua la haragwe mna vifuko vya chavua, ule unga wa kiume. Unavitoa, unapaka chavua ya mmea mwingine, unafunga uzi, unaandika. Nilipiga magoti kwenye umande asubuhi nzima, dunia yote imekuwa ndogo kama ua lile. Hata sasa nimestaafu, nikisinzia mchana maua yale hunijia.

Msimu huo mvua ilitukimbia. Kwetu Kanyangi, mama alibaki na konzi moja tu ya maharagwe yake ya maganda ya njano, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Alinipa yote. "Usinipotezee," alisema. Niliyapanda kituoni, ukapona mche mmoja, ukatoa maua machache, ukakauka. Bahati nzuri nilikuwa nimeshaipaka chavua yake kwenye maharagwe yetu ya kijani yanayovumilia ukame.

Mbegu zilizopatikana ziliota vizuri, lakini maganda yalitoka kijani. Yote! Nilimpelekea mama kikapu. Aliyageuza mara moja tu. "Hizi ni mboso za serikali," alisema; mboso kwetu ni maharagwe. "Zangu ziko wapi?" Akawamwagia mbuzi. Nililia njia nzima.

"Njano haijakufa," Mtafiti Mkuu aliniambia. "Kila mmea hubeba maagizo mawili ya rangi, moja la baba, moja la mama. Kijani ikikutana na njano, kijani ndiyo huonekana. Panda tena mbegu za haya ya kijani. Katika kila mimea minne, mmoja hivi utakuwa wa njano."

Nikapanda. Kisha nikatumwa Nunguni kwa wiki mbili, nikawaachia vibarua agizo la kawaida: ng'oeni kila mmea mgonjwa. Huku kwetu, ganda changa likiwa njano, mkulima haulizi, anaona ugonjwa, anang'oa. Niliporudi, mbuzi wa mlinzi walikuwa wanatafuna urithi wa mama yangu. Sikuwa nimewaeleza vibarua. Kosa lilikuwa langu, na aibu yake ninayo mpaka leo.

"Daktari, hii kazi imenishinda," nilimwambia Mtafiti Mkuu.

Aliitazama mimea ya kijani iliyobaki. "Bado iko inayoficha njano. Katika kila mitatu, miwili hivi. Vuna kila mmea peke yake, na kila mmoja uupe mstari wake."

Msimu uliofuata, mistari mingine ilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho. Katika mingine, njano ilikuwa imetokeza hapa na pale, kimya kimya. Nilikaa chini kwenye mchanga, nikasahau hata kuandika.

Mama alivunja ganda la njano, akalinusa. "Ni hizi." Nikamweleza zilikokuwa zimejificha. Akageuka polepole kuelekea zizini.

"Kwa hivyo zile za kijani nilipatia mbuzi..."

"Zilikuwa zako, mama."

"Aii, Mwende. Na sikukuambia hata asante."

Mama hayupo tena. Nikipanda maharagwe kwetu Kanyangi, wajukuu huchagua ya njano, wananiachia ya kijani. Nayapika mwenyewe, na kabla ya kuonja nasema asante, kwa niaba yake.