Bi Ngoja na Tovuti Iliyogoma Ng'ambo

Saa nne asubuhi, chumba cha habari kina kelele kama soko. Bi Ngoja amebana simu kwa bega, chai inapoa mbele yake.

"Wifi, hebu fungua tena."

"Nimefungua mpaka kidole kimeota sugu!" anajibu wifi yake, msusi wa saluni huko ng'ambo. "Gazeti lenu halifunguki. Na nina kichwa cha mteja hapa kimesukwa nusu."

Bi Ngoja ni mhakiki: anahakikisha habari ni ya kweli kabla gazeti halijaichapa. Jina alipachikwa na waandishi, maana ndilo neno analowaambia kutwa. Halimuudhi. "Hata mume wangu ananiita hivyo nikiwa najipamba," anasema, akicheka.

Habari ya leo ni tamu. Serikali ya huko kwa wifi yake inajulikana kwa kufungia mitandao, na tangu wiki jana tovuti ya gazeti haifunguki huko. Mhariri mkuu ameshapanga ukurasa wa kwanza: tumefungiwa! Anatembea kifua mbele kama bwana harusi.

"Mama, unataka ushahidi gani tena? Wakuletee pingu?"

"Ngoja kidogo, bosi."

Kungoja huko kunaweza kumponza. Mwaka jana alizuia habari ya mgomo, gazeti pinzani likaitoa, na kumbe ilikuwa kweli. Mhariri akamwambia wazi: ukituchelewesha tena, dawati lako nalifuta, unarudi kusahihisha matangazo ya vifo. Kule mshahara ni nusu ya huu, na ana watoto wawili chuoni.

Mwanzoni Bi Ngoja naye aliamini wamefungiwa. "Wale wanafungia kweli, si uzushi," anasema. "Ila kwamba wamewafungia wengine, ndiyo wametufungia na sisi? Hilo hakuna aliyeliuliza."

Anampigia mdogo wake, dereva wa lori aliyeko nchi nyingine kabisa, ambako serikali haifungii kitu.

"Dada, na huku halifunguki. Linaniambia siruhusiwi. Nimewakosea nini?"

Bi Ngoja anakata simu, anakwenda moja kwa moja kwa fundi wa tovuti.

"Sisi huko nje tunasomeka?"

Fundi anaacha kutafuna kalamu. "Mungu wangu! Wiki jana wadukuzi wa nje walitushambulia. Nikawazibia watu wote wa nje mpaka mambo yatulie. Nikasahau kuwafungulia."

"Kwa hiyo nani katufungia?" anauliza mhariri, aliyekuja nyuma yao.

Fundi ananyoosha mkono taratibu, kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

Mhariri anacheka mpaka anavua miwani. Ukurasa wa kwanza unapata habari nyingine. Kisa cha gazeti lililojifungia kinakwenda ukurasa wa ndani. Dawati la Bi Ngoja linabaki. "Lakini siku nyingine," bosi anamchokoza, "ngoja haraka haraka."

Sasa anapanga kutafuta wasomaji katika kila nchi wanayoiandikia, wawe tayari kupigiwa simu na kuulizwa kama tovuti inafunguka. Wasiwe ndugu watupu, maana wifi ameanza kudai zawadi. Na kila habari ya kufungiwa mtandao imweleze msomaji jinsi ukweli wake ulivyopimwa.

"Ipo siku tutafungiwa kweli," anasema. "Siku hiyo nataka tukisema, tuaminike."