Mchungaji Kati ya Ndugu Wawili

Zamani hapa Ronge ugomvi wa mpaka uliishia kwa wazee na kata ya pombe ya miwa, lakini siku hizi unaishia kwa mapanga, hata kanisani. Mchungaji Mwandawiro alitamani jambo moja tu: Geoffrey na mdogo wake Sylus washiriki meza ya Bwana pamoja. Jumapili ile akawaketisha benchi moja.

"Sogea, mwizi wa shamba!" Geoffrey akafoka.

"Kwani hata benchi umeliwekea mpaka?" Sylus akamjibu.

Mapanga yakatoka ndani ya makoti. Mchungaji akajitupa katikati, mkono wake ukakatwa hadi mfupani.

Mara ya mwisho nilipowaona, ndugu hao walikuwa wamembeba kuelekea barabarani, wamelowa damu yake, kila mmoja akimtukana mwenzake kwamba amemshika vibaya.