Mke wangu alishikwa mkono baharini, mimi nikabaki gatini na viatu vyake

Leo ni Jumapili, theluji ya kwanza imeanguka hapa Rågsved, pembezoni mwa Stockholm, na huu ni mwaka wa ishirini na tisa tangu niondoke Uvira, Kongo. Nina miaka sabini na mmoja. Kule nilikuwa mwalimu wa historia, hapa Stockholm niliendesha basi mpaka nilipostaafu. Mwenye ukurasa, nifichie jina. Hata majina nitakayotaja si ya kweli. Najua wengi mtacheka, mzee mzima kushikwa na wivu. Chekeni, lakini mkimaliza mnijibu.

Mke wangu, Mama Furaha, ni mtoto wa milimani. Ziwa Tanganyika aliliona kwa karibu siku nilipomleta kwetu kama bibi harusi. Mimi nilikulia ndani ya maji yale. Nikitoka shule jioni nilikuwa naogelea mpaka mbali, naye anakaa mchangani ameshika shati langu. Sikuwahi kumwona akilowesha hata vidole vya miguu. Nikazoea kwamba hofu ni yake na maji ni yangu, na hivyo ndivyo tulivyozeeka.

Mwezi wa pili mwaka huu binti yetu Furaha na mumewe, ambaye ni Mswidi, walitupeleka likizo kwenye kisiwa kimoja cha Karibea. Alikuja pia baba wa huyo mkwe wetu, nimwite Lennart, mstaafu wa mtaa wa Spånga aliyefiwa na mkewe. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaoniumiza, maana sina pa kumshikia. Siku moja ikapangwa safari ya nusu siku kwa katamarani, ile mashua ya matanga yenye matumbo mawili na wavu wa kulalia katikati. Inawapeleka mpaka kwenye matumbawe, mnavaa miwani ya majini na mrija wa kupumulia, mnaelea mkitazama samaki.

Asubuhi gatini nikakuta watu wote wako tayari kwa maji, mkwe wangu kifua wazi. Kwetu mtu havui nguo mbele ya mkwe wake, na mama mkwe ndiyo kabisa. Zamani hata mkono hawakupeana. Nikasema kwa upole, “Nendeni tu, sisi wazee tutawasubiri kivulini.” Nilisema “sisi” bila kumtazama mke wangu. Nilikuwa na hakika naye kama nilivyo na hakika na jina langu.

Mjukuu wetu wa miaka sita akapaza sauti kwa Kiswidi, “Morfar vågar inte!” Yaani babu hathubutu. Watu wakacheka. Katikati ya kicheko kile Mama Furaha akafungua kitenge chake. Ndani alikuwa na vazi jeusi la kuogelea, limemfunika kuanzia shingoni mpaka magotini. Kumbe walilinunua madukani Hallunda, yeye na binti yake, na mimi sikuambiwa.

“Mama Furaha,” nikamnong’oneza, “na mkwe je?”

“Mkwe alinishikilia nikilia siku Furaha alipojifungua. Kumebaki nini cha kumficha? Weye baki, Baba Furaha. Mie niko naenda.”

Akanipa viatu vyake nimshikie. Lennart akamnyooshea mkono kutoka ngazini, naye akaupokea.

Nilikaa pale mpaka jua likapita utosini. Nilikuwa na kitabu, sikusoma hata ukurasa. Waliporudi nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anaongea Kiswidi, yeye ambaye nyumbani hukataa hata kupokea simu ya Mswidi. Nywele zimelowa, chumvi imemkauka shavuni, anacheka kwa mdomo wazi kama msichana.

“Baba Furaha! Nimeona kobe wa baharini, anakula majani chini kule kama mbuzi! Nimeweka uso majini, nimepumua, sikufa!”

“Nani alikufundisha?”

“Lennart. Alinishika mkono mpaka mwisho.”

Alilisema mbele ya watu wote, bila haya, kwa sababu kwake halina haya. Nikamshukuru Lennart kwa Kiswidi safi. Usiku ule sikula.

Sasa tumerudi Stockholm, na kila Alhamisi yeye na Lennart wanakwenda pamoja kwenye bwawa la kuogelea. Anarudi ananukia dawa ya maji, mashavu yanang’aa, anapika huku anaimba. Sidhani kuna ubaya kati yao, na nisingependa yeyote aandike hivyo hapo chini. Wivu wangu ni mwingine. Miaka yote ile mwenye maji ndani ya nyumba nilikuwa mimi. Juzi nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuingia ziwani na mimi.

Akaendelea kumenya viazi. “Weye ulinipa shati nikushikie. Mkono hukunipa.”

Nilitaka kubishana, lakini alishawasha redio.

Wiki iliyopita Furaha amepiga simu. Wanarudi kisiwa kilekile mwezi wa pili, Lennart pia, na mke wangu ameshakubali. “Na wewe Baba? Unakuja, au utabaki na viatu?” Alikuwa anatania. Mama Furaha akachukua simu, akasema, “Mwache mzee wangu, atafikiria.” Kisha akanigeukia: “Njoo. Mkwe atatazama upande mwingine.”

Kanisani siwezi kusema jambo hili, nitakuwa hadithi ya mwaka mzima. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi msionijua. Je, nimwombe aache Alhamisi zile, na kuua furaha niliyoiona usoni mwake uzeeni? Au ninyamaze, nikae hapa dirishani nimsubiri na uchungu wangu? Niambieni la kufanya, hasa akina mama. Ila msinishauri nifunge mzigo niende nao. Nimeuona mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwingine mara moja, imenitosha. Yeye ataenda. Mimi kule sirudi.